Muziki wa dansi wa Morogoro

Muziki wa dansi wa Morogoro ni muziki wa bendi za gitaa na ala za kupuliza uliostawi katika mji wa Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru nchini Tanzania, hasa kati ya mwisho wa miaka ya 1940 na mwisho wa miaka ya 1970. Bendi zake mashuhuri zaidi ni *Cuban Marimba Band* ya Salum Abdallah, *Morogoro Jazz Band* na *Orchestra Super Volcano*. Mbili za mwisho zilijulikana hasa kwa mpiga gitaa na mtunzi Mbaraka Mwinshehe.

Nyimbo za bendi hizi zilisikika Afrika Mashariki yote kwa njia ya redio na santuri, ingawa mji wenyewe haukuwa na studio kubwa wala kiwanda cha santuri. Kwa sehemu kubwa nyimbo hizo zilitoka moja moja. Albamu zinazojulikana zaidi leo zilikusanywa baada ya vifo vya viongozi wa bendi hizo.

## Mji na mazingira

Morogoro uko takriban kilomita 190 magharibi mwa Dar es Salaam. Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika hapo mwaka 1907. Mji huo pia ni njia panda: barabara ya Dar es Salaam hugawanyika hapo, moja ikielekea Dodoma na nyingine ikielekea Iringa na Mbeya. Kwa sababu ya milima, mito na mashamba yake, wenyeji wameupa jina la utani la "mji kasoro bahari", yaani mji wenye kila kitu isipokuwa bahari.

Wenyeji wa milimani ni Waluguru, ambao kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Wakati wa ukoloni mashamba ya mkonge ya Morogoro, Ngerengere, Kimamba na Kilosa yalileta vibarua wa makabila mengi. Reli nayo ilileta makarani, mafundi na wafanyabiashara, wakiwemo Waarabu na Wahindi. Watu hao waliongea Kiswahili kama lugha ya pamoja, walipokea mshahara wa fedha taslimu, na mwisho wa juma walihitaji mahali pa kujiburudisha. Kwa muziki wa dansi mambo hayo matatu yalikuwa muhimu, kwa sababu ulikuwa muziki wa kulipia kiingilio, usiofungwa na kabila moja.

## Asili ya muziki wa dansi

Kabla ya dansi, miji ya pwani na ya kando ya reli ilikuwa na ngoma ya *beni*, iliyoiga gwaride na ala za bendi za kijeshi. Vyama vya beni vilikuwa na makundi mawili yaliyoshindana, Marini na Arinoti. Tabia hiyo ya mji kugawanyika pande mbili iliingia pia katika dansi.

Dar es Salaam Jazz Band, mojawapo ya bendi za mwanzo za aina hii nchini, ilianzishwa mwaka 1932. Neno "jazz" katika majina ya bendi za wakati huo halikuwa na maana ya muziki wa jazi wa Marekani. Lilimaanisha tu bendi inayotumia ala za kisasa kama gitaa, banjo, mandolini, akodiani, tarumbeta na saksafoni, na kupigia watu wanaocheza wawili wawili.

Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya gramafoni ya Uingereza ilianza kuuza Afrika santuri za mfululizo uliojulikana kwa herufi GV. Nyingi zilikuwa na muziki wa Kuba: son, rumba na bolero. Wasikilizaji wa Afrika Mashariki hawakujua Kihispania, lakini mapigo yale hayakuwa mageni masikioni mwao, kwa kuwa asili yake kwa kiasi kikubwa ni Afrika. Vijana wenye vipaji walijifunza nyimbo hizo kwa kusikiliza tu, kisha wakatunga za kwao kwa Kiswahili.

## La Paloma na Cuban Marimba Band

Salum Abdallah Yazide, aliyejulikana pia kwa kifupi cha S.A.Y., alizaliwa Morogoro mwaka 1928 katika familia yenye asili ya Kiarabu na Kiluguru. Mwaka 1948 aliunda kikundi kilichoitwa La Paloma. Neno hilo la Kihispania lina maana ya njiwa, nalo ni jina la wimbo maarufu wa mtunzi wa Hispania, Sebastián Iradier. Mwaka 1952 kikundi kikawa Cuban Marimba Band, na jina hilo jipya lilitangaza wazi mapenzi ya vijana hao kwa muziki wa Kuba.

Salum Abdallah aliacha zaidi ya uigaji. Alichukua mwendo wa bolero na rumba akaupa maneno ya Kiswahili yaliyopangwa kwa utaratibu wa mashairi ya pwani, yenye vina, mafumbo na nasaha. Nyimbo zake zilihusu mapenzi, ndoa, dini, sikukuu na, nchi ilipokaribia na kupata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, siasa za taifa jipya. Wimbo wake "Mkono wa Idi" umeendelea kupigwa redioni wakati wa sikukuu ya Idi miongo mingi baada ya kifo chake.

Salum Abdallah alifariki katika ajali ya gari mwezi Novemba 1965, akiwa na umri wa miaka 37 hivi. Uongozi wa bendi ulichukuliwa na mwimbaji Juma Kilaza, aliyeiendesha katika miaka iliyofuata na kuifanya ijulikane kwa kizazi kipya cha wasikilizaji.

## Morogoro Jazz Band

Morogoro Jazz Band ilianzishwa mwaka 1944. Kwa miaka ishirini ya mwanzo ilikuwa bendi ya mji, yenye wapenzi wake na mshindani wake wa karibu, Cuban Marimba. Sifa zake nje ya mji zilikua kwa haraka katikati ya miaka ya 1960, alipojiunga nayo kijana Mbaraka Mwinshehe.

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa tarehe 27 Juni 1944, mwaka uleule ilipoanzishwa bendi hiyo. Aliacha masomo ya sekondari kwa ajili ya muziki. Katika Morogoro Jazz alikuwa mpiga gitaa la solo, mwimbaji na mtunzi mkuu. Ufundi wake wa gitaa ulimpatia jina la sifa la *Soloist National*, yaani mpiga solo wa taifa.

Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilipelekwa Japani kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya dunia ya Expo 70 mjini Osaka. Ziara hiyo ilizaa wimbo wenye jina hilohilo. Kwa bendi ya mji wa mkoani, isiyo ya jeshi wala ya shirika la umma, lilikuwa jambo kubwa kuteuliwa kubeba jina la nchi.

## Muundo wa nyimbo na mitindo

Wimbo wa dansi wa kipindi hiki kwa kawaida una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza huenda polepole. Humo hadithi husimuliwa kwa beti, na waimbaji huitikiana kwa sauti mbili au tatu. Sehemu ya pili huongeza kasi. Magitaa hushika mzunguko mfupi unaorudiwa, ala za kupuliza hujibizana nayo, na mpiga solo hupata nafasi ya kuonyesha ujuzi wake. Wanamuziki wa Tanzania huiita sehemu hiyo *chemko*, kwa kuwa ndipo ukumbi unapochemka.

Magitaa hugawana kazi. Gitaa la solo hupiga sauti za juu na kupamba wimbo, gitaa la rithimu hushikilia mwendo, na gitaa la besi hubeba msingi pamoja na ngoma na tumba. Katika rekodi za Morogoro Jazz, gitaa la Mbaraka Mwinshehe mara nyingi hufuata mwendo wa sauti ya mwimbaji, kisha humjibu anaponyamaza. Kwa hiyo hata msikilizaji asiyecheza ana cha kufuatilia.

Kila bendi ilitangaza *mtindo* wake, yaani jina la mapigo na uchezaji wake. Western Jazz walikuwa na Saboso, na NUTA Jazz walikuwa na Msondo. Morogoro Jazz walijulikana kwa mitindo kama Likembe, na Super Volcano kwa Masika. Jina la mtindo lilikuwa pia alama ya biashara, kwani lilimwezesha mpenzi wa bendi kusema yeye ni wa upande gani.

Maneno ya nyimbo yalikuwa ya Kiswahili kwa sehemu kubwa, hata watunzi wenye asili ya milimani walipoweza kutumia Kiluguru. Uamuzi huo ndio uliozifungulia nyimbo za Morogoro soko la Kenya na maeneo mengine yenye wasemaji wa Kiswahili.

## Kurekodi na usambazaji

### Santuri

Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, biashara ya santuri za Kiswahili ilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Mombasa na Nairobi. Duka la Assanand & Sons la Mombasa lilikuwa na lebo ya Mzuri, ambayo Cuban Marimba walirekodi nyimbo zao nyingi. Baadaye Morogoro Jazz na Super Volcano walitoa santuri zao kupitia makampuni ya Nairobi yaliyohusiana na Philips na Polygram.

Santuri za mwanzo zilikuwa za mizunguko 78 kwa dakika, nzito na rahisi kuvunjika. Zilifuatiwa na santuri ndogo za mizunguko 45. Upande mmoja wa santuri ndogo hubeba dakika nne hivi za muziki, wakati wimbo wa ukumbini unaweza kufika dakika kumi au zaidi. Suluhisho lilikuwa kuugawa wimbo: upande wa kwanza ulibeba beti, upande wa pili ukabeba chemko. Msikilizaji aliisikia sehemu ya kwanza ikififia, akaigeuza santuri, ndipo dansi likaanza.

Kwa hiyo bendi haikuingia studio kutengeneza albamu. Iliingia kurekodi nyimbo kadhaa, na kila wimbo ukauzwa peke yake. Santuri kubwa ya mizunguko 33, inayobeba takriban dakika ishirini kila upande, ilikuwa ghali kwa mnunuzi wa kawaida. Zaidi ya hayo, aliyehitaji wimbo kwa ajili ya baa au sherehe alitaka ule uliovuma wiki hiyo.

Tanzania haikuwa na kiwanda cha kubonyeza santuri. Shirika la umma la filamu, Tanzania Film Company, lilikabidhiwa pia shughuli za santuri, lakini mpango wa kuwa na kiwanda cha santuri Dar es Salaam haukufikia uzalishaji. Santuri ya wimbo uliotungwa Morogoro ilibonyezwa Kenya, kisha ikarudi nchini kuuzwa kama bidhaa ya kutoka nje.

### Redio

Njia ya pili ilikuwa redio. Shirika la Utangazaji la Tanganyika lilianza mwaka 1956, na mwaka 1965 likageuzwa kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD). RTD ilizialika bendi katika studio yake, ikazirekodi kwenye kanda na kuzipiga nyimbo hizo hewani. Hadi mwaka 1994, Radio One ilipoanza, RTD ndiyo iliyokuwa redio pekee ya Tanzania Bara. Wimbo uliopita katika studio hiyo ulisikika nchi nzima, kuanzia mjini hadi kijijini penye redio moja ya betri.

Kanda za redio hazikuwa bidhaa. Zilitunzwa kwenye maktaba ya redio kwa ajili ya kurushwa tu, na wimbo ambao haukupata santuri haukuweza kununuliwa. Kwa mwanamuziki redio ilileta umaarufu, na umaarufu ulijaza ukumbi. Riziki yake ilitoka kwenye kiingilio cha mlangoni.

## Mapokezi

### Ukumbini na redioni

Magazeti ya wakati huo hayakuwa na desturi ya kuchambua santuri kama vitabu. Hukumu ya wimbo ilitolewa na wacheza dansi, wanunuzi na waandishi wa barua za salamu na maombi redioni. Mjini Morogoro wapenzi waligawanyika kati ya Cuban Marimba na Morogoro Jazz. Ushindani huo uliwalazimu watunzi kutoa nyimbo mpya mara kwa mara, kwa kuwa bendi iliyochelewa iliona watu wake wakivuka kwenda upande wa pili.

### Sera ya utamaduni

Mapokezi ya serikali yalikuwa na pande mbili. Katika hotuba yake ya tarehe 10 Desemba 1962, Rais Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Alisikitika kwamba wasomi wengi walijua kucheza dansi za kigeni kuliko ngoma za makwao. Kwa mtazamo huo bendi zenye majina ya Kihispania na mapigo ya rumba zingeweza kuonekana kuwa mabaki ya fikra za kikoloni.

Kwa upande mwingine, serikali ilitambua kwamba bendi hizo ziliwafikia watu wengi. Baada ya uhuru mashirika ya umma, jeshi na polisi vilianzisha bendi zao na kuwalipa wanamuziki mishahara. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ni mfano unaofahamika. Bendi binafsi za Morogoro hazikuwa na mshahara huo, lakini nazo ziliimba habari za taifa. Mfano ni wimbo "Dr. Kleruu" wa Mbaraka Mwinshehe, unaomwomboleza Dk. Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, aliyeuawa na mkulima tarehe 25 Desemba 1971 wakati wa utekelezaji wa siasa ya vijiji vya ujamaa.

### Kenya

Nje ya Tanzania mapokezi makubwa yalikuwa Kenya. Wasikilizaji wa Nairobi na Mombasa walizipenda nyimbo za Morogoro kwa ufundi wa gitaa na kwa Kiswahili chake. Wimbo "Shida", alioutoa Mbaraka Mwinshehe akiwa na Super Volcano, ulikuwa miongoni mwa nyimbo zake zilizouzwa sana huko, na hadi leo ndio unaotajwa kwanza jina lake linapotajwa. Methali husema jogoo la shamba haliwiki mjini. Mbaraka alitunga wimbo uitwao "Jogoo la Shamba", na historia yake mwenyewe inaonyesha kwamba methali hiyo haikumhusu.

## Orchestra Super Volcano na kifo cha Mbaraka Mwinshehe

Mwaka 1973 Mbaraka Mwinshehe aliondoka Morogoro Jazz na kuunda Orchestra Super Volcano. Bendi mpya iliendelea kushamiri kwa santuri na ziara, wakati Morogoro Jazz ilipungua nguvu baada ya kumpoteza mtunzi wake mkuu.

Mazingira ya kazi yalikuwa yakizidi kuwa magumu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi mwaka 1983. Hatua hiyo iliyatenganisha makao ya wanamuziki wa Tanzania na mahali zilipobonyezwa santuri zao. Uhaba wa fedha za kigeni ulifanya magitaa, vikuza sauti na hata nyuzi za gitaa kuwa adimu. Mwishoni mwa mwaka 1978 nchi iliingia katika vita vya Kagera dhidi ya utawala wa Idi Amin.

Mwezi Januari 1979 Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari mjini Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34. Kwa hiyo viongozi wawili waliojulikana zaidi katika muziki wa Morogoro walikufa kwa ajali za barabarani, mmoja mwaka 1965 na mwingine mwaka 1979. Super Volcano haikuweza kuendelea kwa nguvu ile ile bila yeye.

## Albamu za baada ya vifo

Baada ya kifo cha Mbaraka, Polygram ya Kenya ilikusanya nyimbo zake na kuzitoa katika mfululizo wa albamu ulioitwa *Ukumbusho*. Nyimbo zilizokuwa zimetawanyika katika santuri ndogo ziliwekwa pamoja kwa mara ya kwanza, na kwa kanda za kaseti zikafika katika nyumba, mabasi na maduka. Wasikilizaji wengi waliozaliwa baada ya mwaka 1979 walimfahamu Mbaraka kwa mfululizo huo.

Nje ya Afrika, mwaka 1987 lebo ya Original Music ya mwandishi John Storm Roberts ilitoa mkusanyiko *The Tanzania Sound*, uliowapa wasikilizaji wa Marekani na Ulaya nafasi ya kusikia dansi la miaka ya 1960, likiwemo la Salum Abdallah. Karibu na mwaka 2000 lebo ya Dizim ya Ujerumani ilitoa diski mbili za bendi za Morogoro: *Ngoma Iko Huku* ya Salum Abdallah na Cuban Marimba, na *Masimango* ya Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz.

Albamu hizi zimebadili namna muziki huo unavyosikilizwa. Mpangilio wa nyimbo ni wa mkusanyaji wala si wa bendi. Nyimbo zilizotungwa kwa kupishana miaka kadhaa husikika mfululizo kana kwamba ni za usiku mmoja. Nyimbo ambazo hazikuchaguliwa husahaulika kwa urahisi zaidi. Hata hivyo, bila makusanyo hayo nyingi zingebaki katika santuri zilizochakaa au kanda za maktaba ya redio. Msikilizaji wa leo anapaswa kujua kwamba majina ya baadhi ya albamu hizo ni majina ya nyimbo zilizokwisha kupendwa kabla ya albamu kuwepo.

## Haki na mapato

Katika kipindi kikuu cha bendi za Morogoro wanamuziki hawakuwa na chombo madhubuti cha kufuatilia matumizi ya nyimbo zao. Wengi walilipwa kwa kikao cha kurekodi au kwa mkataba na kampuni iliyokuwa nchi nyingine. Miaka ya 1980 kaseti zilizorahisisha kusikiliza muziki zilirahisisha pia kuunakili bila idhini.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliunda Chama cha Hakimiliki Tanzania (COSOTA) na kuweka ulinzi wa kazi ya mtunzi katika maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Wakati sheria hiyo inatungwa, Salum Abdallah alikuwa amefariki miaka 34 iliyopita, na Mbaraka Mwinshehe miaka 20. Kwa kazi kama zao, zilizorekodiwa nchi moja na kutolewa upya nchi nyingine, suala la nani hulipwa wimbo unapopigwa huwahusu warithi kuliko watunzi.

## Urithi

Nchini Tanzania nyimbo za bendi hizi huwekwa katika kundi la *zilipendwa*, jina linalotumika kwa nyimbo za dansi za zamani zinazoendelea kupigwa redioni na kwenye kumbi. Bendi nyingi za baadaye hupiga upya nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, na mpiga gitaa wa solo anayejifunza kazi hiyo bado hupimwa kwa uwezo wake wa kuzifuata.

Mji wa Morogoro umeendelea kutoa wasanii. Katika muziki wa kizazi kipya ametoka Afande Sele (Selemani Msindi), aliyetwaa taji la Mfalme wa Rhymes mwaka 2004, pamoja na Belle 9 na Stamina. Ala na mapigo yao ni tofauti, lakini kama waliowatangulia wamepata wasikilizaji wa nchi nzima kwa mashairi ya Kiswahili.

Kanda za RTD ziko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC). Kanda za sumaku huharibika kwa joto, unyevu na umri, na kuzihamishia katika mfumo wa kidijiti huhitaji mashine, fedha na watu wanaozijua nyimbo hizo. Kwa nyimbo ambazo hazikupata kutolewa katika santuri wala kuchaguliwa katika albamu, huenda kanda hizo ndizo nakala pekee.

## Baadhi ya nyimbo

Salum Abdallah na Cuban Marimba Band

- "Ngoma Iko Huku"
- "Mkono wa Idi"
- "Wanawake Tanzania"

Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz Band au Orchestra Super Volcano

- "Expo 70"
- "Masimango"
- "Dr. Kleruu"
- "Jogoo la Shamba"
- "Mtaa wa Saba"
- "Shida"

## Tazama pia

- Muziki wa dansi
- Zilipendwa
- Dar es Salaam Jazz Band
- Milima ya Uluguru
- Waluguru